Samaki Wangu Ndani ya Sanduku Lako

Dada Felista, shikamoo.

Najua huko uliko ni mahali pa kupumzika, lakini nimeshtuka mno, siwezi kunyamaza. Mimi, niliyevuka Kilombero kwa kuogelea na gunia kichwani, mamba wakinipisha. Ulikuwa unasema kila mwaka mamba wa hadithi hiyo wanaongezeka.

Unakumbuka lile debe la mpunga? Nilikuja kwako Ifakara nikitamba kwamba nimepata tajiri asiyetoza riba. Ananipa hela za kulimia, mimi namlipa magunia wakati wa mavuno. Ukauliza, "Gunia la kawaida au lumbesa?" Nikasema lumbesa, lile lenye kichwa kilichoshonewa kamba juu ya mdomo; ni heshima tu kwa tajiri. Ukajaza debe, ukalitua miguuni pangu. "Heshima yako ni hii hapa, kwa kila gunia. Riba ni kile unachorudisha zaidi ya ulichopewa, mdogo wangu, hata ikivaa gunia."

Nikacheka sana. Nikakwambia kikoba, kile chama chenu cha kuweka na kukopeshana hela, kimekuharibu kichwa.

Mwaka huu, wewe ukiwa umeshalala makaburini, tajiri huyohuyo akataka dhamana. Nikaandika shamba la baba, lile la Lupiro. Nilidhani dhamana ni neno la adabu, la kumtuliza mtu. Sasa najua ni kitu unachokiaga huku bado unakilima. Mto ukapanda, mpunga ukaozea majini. Jumamosi hii anakuja kulichukua. Sikumwambia mtu, hata mwanao Neema, ambaye nimemjaza hadithi kwamba mjomba wake hajawahi kushindwa na kitu.

Juzi nimekaa kwako barazani, akaja Mama Shija, mwenyekiti wa kikoba chenu, na mwenzake, wamebeba lile sanduku la kufuli tatu nililokuwa naliita jeneza la hela. Wao wana funguo mbili. Wa tatu akautoa Neema, ulikuwa wako.

"Mjomba, una hisa humu," akasema Mama Shija.

"Mama, mimi sijatoa hata shilingi mia."

"Ulitoa samaki."

Samaki, dada. Wale kambale niliokuletea kila nikivuka kutoka Lupiro, nikiapa kwamba mwenzao aliyenitoroka ni mrefu kuliko baiskeli. Kumbe nusu mlikula, nusu uliuza, ukaninunulia hisa kwa jina langu. Mama Shija akanieleza polepole, kama anamlisha mtoto. Hisa ni sehemu yangu ndani ya mfuko. Mwanachama akikopa, riba yake inarudi humohumo, na mwisho wa mwaka wenye hisa tunagawana. Hilo ndilo gawio. Gawio langu hukuligusa hata mara moja. Ulilinunulia hisa nyingine, mwaka baada ya mwaka, huku mimi nakuita bahili mbele ya watoto wako.

Nikauliza kama zinafika bei ya magunia ya tajiri.

"Na vichwa vyake," akasema. "Lupiro si mbali, mjomba. Tunasikia."

Neema alikuwa ananitazama. Sikuwa na hadithi.

Basi, Jumamosi namlipa, na shamba la baba linabaki. Zitabaki hisa mbili. Mama Shija aliuliza kama nazitoa na hizo, nikasema ziacheni. Neema akaniwekea ufunguo wako kiganjani, akanikunja vidole mwenyewe. Nimeufunga shingoni, na naogopa hata kuoga nao.

Leo asubuhi nimevua kambale mmoja. Nimempima: kutoka kiwiko changu hadi kwenye vidole, basi. Hakuna mwingine aliyenitoroka. Nusu nimempelekea Neema, nusu nimeiuza.

Lala, dada. Sanduku limefungwa.

Ni mimi, mdogo wako, mjomba wa Neema.