Zamu za Vestina

Jumatatu, 2 Juni 1958

Vestina amekohoa damu. Nimeiona mwenyewe kwenye beseni, kabla hajaimwagia maji. "Ni ufizi, mama," akasema. Ufizi! Mimi mkunga wa miaka ishirini na miwili naambiwa ufizi! Nikamwangalia mpaka akainamisha kichwa.

Huu ni mwezi wake wa kumi wa kazi kwenye wodi ya kifua kikuu. Wagonjwa arobaini na mmoja, vitanda ishirini na vinane. Wengine wanalala chini kwenye mikeka. Vikopo vya makohozi anavibeba yeye. Glavu tulizo nazo tumezitia viraka kama mpira wa baiskeli. Kitambaa cha kufunika mdomo kajishonea mwenyewe kwa upindo wa shuka kuukuu. Binti wa miaka ishirini na mitatu, aliyetoka Ludewa kwa miguu kuifuata kazi hii!

Nimemwambia aende kwa Daktari leo leo. Hataki. Sisi ni vibarua, na kibarua akikosa siku tatu jina linafutwa. "Nikifutwa nitakufa nyumbani," amesema. "Hapa angalau dawa naziona kabatini."

Jumatano, 4 Juni

Barua ya kumpelekea Daktari nimeimaliza. Kurasa tatu. Chama cha Wauguzi, tawi letu, katibu ni mimi. Wauguzi wako sita kwa wodi mbili, na mara nyingi wanaosimama kweli ni wanne. Tunadai wanne zaidi. Tunadai glavu, sabuni, shimo la kuchomea makohozi. Na Vestina, anayeumwa tangu Aprili, apelekwe Iringa kupigwa picha ya kifua, atibiwe kama mtumishi aliyeumia kazini, na nafasi yake isiguswe.

Nimesoma magazeti ya miaka mitano juu ya wapakuzi wa bandari na watu wa reli. Wote walianza kwa karatasi. Lakini karatasi yenye meno!

Nikamsomea Odilo, dresa wetu, mfunga vidonda. Akasikiliza huku akichemsha sindano.

"Mama Yoeli, hapo ulipoandika 'uzembe wa kinyama', mnyama gani?"

"Yeyote utakayemtaka."

"Basi toa. Wanyama watatushitaki."

Nimelitoa. Nimeweka "uzembe wa makusudi".

Jumamosi, 7 Juni

Makambako na kurudi, juu ya lori la magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi. Vumbi mpaka kwenye meno. Marcelino, mjumbe wa chama, alikuwa anapita na basi kwenda Mbeya na alikuwa na saa moja tu. Tumekaa kwenye mkahawa hapo njia panda.

Kijana mpole mno! Eti sheria hairuhusu watu wa hospitali kugoma. Eti Daktari halazimiki kutusikiliza. Nikamwuliza chama kina kazi gani basi, kukusanya saini? Akacheka, halafu akakoma.

"Mama, maneno unayo. Ushahidi je? Wazungu hawabishani na kitabu chao wenyewe."

Nikapiga meza, chai ikamwagika. Daftari la zamu! Kila asubuhi tunatia majina pale. Lifunguliwe mezani, waone tuko wangapi!

Nimeongeza mstari huo palepale, juu ya goti langu: *Tunadai daftari la zamu lifunguliwe mbele ya wote.* Nikaona ni mstari mzuri kuliko yote.

Jumanne, 10 Juni

Barua imefika. Hilari, karani mkuu, ameipokea kwa ncha za vidole, akanisalimu kwa kilugha chetu. "Kamwene, Bibi Katibu. Kurasa tatu! Gavana mwenyewe haandiki hivyo." Nikamjibu Gavana hana makohozi mikononi.

Vestina hawezi kusimama tangu jana. Yuko chumbani kwetu, nyuma ya stoo. Tumefanya kama kawaida.

Ijumaa, 13 Juni

Jibu! Mkutano Jumatatu. Na daftari litafunguliwa, "kama mlivyoomba".

Sikulala. Si kwa furaha.

Nimeandika "kama kawaida" hapo juu wala sikujisikia nimeandika nini. Kawaida yetu ni hii: mmoja akiugua, akifiwa, akiitwa nyumbani, wengine tunamgawana. Mmoja anashika wodi yake, mwingine anamtilia jina daftarini. Leo kwangu, kesho kwako, kama tunavyolimiana mashamba. Nilipomzika mume wangu, mwaka juzi, daftari linasema niliosha vitoto tisa siku hiyo.

Wauguzi sita. Kila siku. Miaka yote. Hakuna aliyekosa! Na tangu mwezi wa nne jina la Vestina nimelitia mimi mara kumi na moja, wengine sijui mara ngapi. Hadi ninaiga ile V yake yenye mkia.

Na mimi ndiye niliyeomba lifunguliwe. Mpumbavu. Msomi mpumbavu!

Jumatatu, 16 Juni

Hilari alisoma. Tarehe moja, majina sita. Tarehe mbili, majina sita. Alisoma taratibu kama mzee wa kanisa, na alipofika Mei nilitamani sakafu ipasuke.

Daktari hakukasirika. Ningependa akasirike. Alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka: barua inasema mko wanne, kitabu kinasema mko sita. Barua inasema Vestina ni mgonjwa tangu Aprili, kitabu kinasema hajakosa hata siku moja. Mgonjwa gani huyu? Moja kati ya mambo haya mawili ni uongo. Nesi Getruda, uongo uko wapi?

Mimi! Ambaye sijawahi kukosa jibu, hata mbele ya mchungaji, hata mbele ya D.C., mkuu wa wilaya. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Mpime makohozi, Bwana Daktari. Leo." Akasema aje mwenyewe, aseme anaumwa tangu lini, na siku hizo nani alikuwa anaandika jina lake.

Odilo aliangalia viatu vyake.

Alhamisi asubuhi Daktari atakuja wodini kutuhesabu mwenyewe. Watu sita, majina sita. Likipungua moja, aliyeandika na aliyeandikiwa wote wataondoka. Au tuifute barua.

Jumanne, 17 Juni

Nimempigia Marcelino simu Mbeya, kutoka posta. Hayuko.

Jumatano, 18 Juni

Nimewaambia wenzangu: kesho nasema ni mimi. Mimi peke yangu niliandika yote. Nifukuzwe, wao wabaki, Vestina apimwe.

Oktavia wa wodi ya wazazi akalia. Odilo akaufunga mlango.

"Mama Yoeli, mkono wako ni mmoja. Daftarini mle kuna mikono mitano. Hilari atashindwa kuona?"

"Nitasema niliibadilisha makusudi."

"Na Vestina? Umesikia Daktari. Aliyeandikiwa naye anatoka. Utamtoa wewe kwa mdomo wako."

"Basi tuifute barua!"

"Tukiifuta atapimwa na nani?"

Nimepitia kila nilichowahi kusoma. Waandishi wote wale wanajua namna ya kuanza ugomvi.

Jioni nikamwambia Vestina yote, kwa sababu ni haki yake. Nilikaa kitandani pake, miguu yake ina moto kama mkate. Akasikiliza. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Atakuja saa ngapi?"

Alhamisi, 19 Juni

Saa mbili na robo. Naandika hapa kwenye meza ya wodi ya kifua, nyuma ya chati za homa. Daktari yuko mlangoni, saa yake ya mfukoni imefunguka kiganjani. Hilari yuko kando yake na daftari.

Saa moja kamili tulikuwa watano. Nimejiandaa kusema ni mimi. Mara mlango wa stoo ukafunguka. Vestina. Sare imepigwa pasi — nani alimpigia? Kofia imenyooka. Amejipaka mafuta usoni asionekane kapauka. Akaenda moja kwa moja kwenye daftari, akatia jina lake, kwa mkono wake mwenyewe, V yenye mkia. Kamwene, akamwambia Hilari.

"Naona sita," amesema Daktari. "Na mgonjwa wenu yuko kazini."

Nikasogea nichukue sinia la vikopo. Vestina akalivuta kwake. Kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia: "Mama, usiniharibie. Akiondoka nitalala."

Lakini haondoki! Amevuta kiti hapo mlangoni. Anasema anataka kuona zamu nzima ya asubuhi, maana barua yangu imedai kazi ni nzito.

Vestina anakwenda mkeka kwa mkeka. Anainama, anachukua kikopo, anaweka safi, anasimama. Akisimama anashika dirisha. Kitambaa cha mdomo amekifunga mara mbili, na kila akikohoa anageukia ukutani kama anatafuta kitu. Odilo anachemsha sindano zilizokwisha chemka. Oktavia hayuko, amekimbilia wodi ya wazazi asitazame. Kalamu ninayo. Mdomo ninao. Nikisema neno moja anafutwa, nisiposema anainama tena.

Amefika kwa mgonjwa wa kumi na saba. Bado ishirini na nne. Daktari ameniuliza naandika nini hapo, nikasema homa. Kumi na nane. Vestina ameweka goti chini, bado hajainuka.