Kiswahili Ulichotunyima, Mama

Shikamoo Mama,

Najua marehemu hasemwi vibaya, lakini leo nitakusema, maana yamenifika kooni.

Unakumbuka Tulum, kale kamji ka pwani ya Meksiko tulikokwenda kukimbia baridi ya Toronto? Nilitaka ukaone magofu ya Wamaya juu ya jabali. Wewe ukang'ang'ania kukaa jikoni kwa yule bibi wa Kimaya aliyetuuzia mikate ya mahindi. Bahari ile pale, na mama yangu anakanda unga na mtu asiyemjua! Mjukuu wake akarudi kutoka shule, bibi akamfokea kwa Kimaya, mtoto akajibu kwa Kimaya hicho hicho, tena kwa ujeuri. Ukaanza kulia.

“Umeona?” ukaniambia. “Watalii wamejaa hivi, na mtoto bado anamjibu bibi yake kwa lugha ya kwao.”

Nilitamani kupiga kelele. Si wewe, Mama? Si wewe uliyetukataza tulipohamia Agincourt, huku Toronto, mimi nikiwa darasa la sita? “Kiswahili mtakikuta Morogoro. Hapa semeni Kiingereza, mwalimu asije akawacheka.” Na binti yangu Zawadi ukamlea kwa Kiingereza chako cha kuungaunga, mimi nikikusihi umsemeshe Kiswahili. “Utamchanganya mtoto,” ulinijibu. Pale jikoni nilinyamaza kwa sababu mikono yako ilijaa unga na ulikuwa unajifuta machozi kwa kiwiko. Nikala mkate. Ulikuwa mtamu, nikazidi kukasirika.

Kisha kiharusi kikakunyang'anya Kiingereza chote, kikakuachia Kiswahili kitupu. Manesi wakawa wananipigia simu kazini niwatafsirie: anataka maji, anataka mto. Hata kucheka nilishindwa.

Siku ile ya mwisho nilishuka kununua chai. Niliporudi ulikuwa umelala, na hukuamka tena. Zawadi alikuwa kando yako. Anasema ulimshika mkono, ukamsemesha sana, ukacheka, halafu ukamuuliza kitu na kumkazia macho ukingoja jibu.

“Mummy, I just said yes,” akaniambia, analia.

Sasa kila Jumamosi anakwenda kanisani kujifunza Kiswahili, kwa hasira kubwa kuliko zangu, na kila akirudi ananiuliza yale yale: Bibi aliniuliza nini siku ile?

Lala salama, Mama. Nakupenda, na bado nimekukasirikia. Ila kama ndoto zina njia, njoo uniambie: mtoto wangu amekukubalia nini?

Mwanao,
Mama Zawadi