Koti la Baba la Kukamulia

Kiplombe, Eldoret

Ndugu yangu Khisa,

Huku mahindi yamekauka vizuri, na Mama anakula kidogo. Uliniomba nikutumie lile koti la Baba la kukamulia, kwa vile hukupata nafasi ya kuja kumzika. Pole kwa kuchelewa kujibu.

Unajua vile Baba alikuwa. Profesa mzima, lakini kabla ya kwenda kufundisha lazima akamue ng'ombe mwenyewe, vile alizoea utotoni shambani Moi's Bridge, halafu atuletee chai kitandani. Tulipomzika, ng'ombe alikataa kushusha maziwa. Mama akavaa hilo koti, maziwa yakashuka. Miezi miwili amelivaa kila asubuhi, na akakataza lifuliwe. Nilimsikia akimwambia ng'ombe, "Tulia, Mzee amefika."

Leo ng'ombe amelinusa koti, akapiga ndoo teke. Mama hakuiokota. Alilivua koti, akalinusa yeye pia, mara mbili, kisha akanipatia.

"Mtumie Khisa," akasema. "Halina mtu tena."

Nitalituma kesho.

Dada yako,
Nekesa