Mikono Chini, Toku

Sugamori, 6 Machi 2021

Mwanangu Chizuru,

Pokea salamu zangu pamoja na boksi la machenza. Natumaini una nguvu na hao wakubwa wako wa hospitali wanakuacha ulale. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanung'unika nikishuka shambani. Naandika barua kwa sababu ile simu uliyoninunulia inanifanya nipige kelele mpaka mtaa mzima unajua mambo yetu.

Nina habari njema. Mwenge wa Olimpiki utapita hapa mwezi wa tano, na mimi ni mmoja wa watakaoukimbiza. Nilichaguliwa kabla ya korona. Michezo ilipoahirishwa nikajua basi, wamenisahau. Hawakunisahau! Na kipande changu cha barabara ndicho kile kinachopita mbele ya nyumba ya wazee, chini ya dirisha la mama yako.

Unajua hali ilivyo. Tangu wafunge milango kwa wageni, wananionyesha kwake kwenye simu ya mlezi, na yeye anadhani mimi ni mtangazaji wa televisheni. Juzi aliniambia nisome habari za hali ya hewa. Nikasoma. Ningefanya nini?

Lakini mbio hajazisahau. Walezi wanasema zile mbio za kupokezana za mwaka mpya zilipoonyeshwa alikuwa akipiga meza na kuwafokea wakimbiaji. Mimi mwenyewe alinipata hivyo hivyo, kwenye mbio za vijiji, tukiwa vijana. Alisimama konani na kunipigia kelele mbele ya watu wote: "Mikono chini, Toku! Unakimbia kama kuku anayetaka kuruka uzio!" Baadaye akaniambia alijua ni mimi hata kabla sijatokeza, kwa sababu mguu wangu wa kushoto unakanyaga kwa kishindo. Sasa akiniona nakimbia, atanijua. Nataka anijue hata mara moja tu, kabla sijatoka kabisa kichwani mwake. Sitaki kingine.

Bi. Muroi, msimamizi wa pale, amekubali kumsogeza dirishani siku hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi nafanya mazoezi. Kuwabara, muuza tofu, ananicheka: "Toku, mwenge utafika umezimika, utauzima mwenyewe kwa kuhema!"

Kula vizuri.

Baba yako,
Tokujiro


Tokyo, 19 Machi 2021

Baba mpenzi,

Shikamoo. Machenza yamefika, wodi nzima imekula, na mkuu wetu ambaye hacheki amecheka. Goti lako lipake dawa, usilifanyie ukaidi. Mimi ni mzima ila nimechoka, na uso wangu una alama za barakoa kama mtu aliyelala juu ya kamba.

Nitakwambia ukweli kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Hiyo michezo siitaki. Hapa tunatafuta vitanda, simu za magari ya wagonjwa zinalia na tunajibu hakuna nafasi, halafu kwenye luninga mtu aliyevaa suti anasema michezo itakuwa salama na tulivu. Salama kwa nani? Nilitaka kurusha kikombe.

Lakini wewe kimbia, Baba. Kimbia kwa ajili ya Mama.

Ningekuja kukutazama. Nilimpigia Bi. Muroi kumuuliza. Kwa sauti tamu kabisa akasema: mtu wa Tokyo akilala nyumbani kwako, wewe hutakaribia hata ukuta wao kwa majuma mawili. "Tunaelewa hisia zako," akaniambia. Basi nikija, nakuharibia. Wageni wa dunia nzima wataingia Japani kurusha mikuki, mimi siwezi kupanda treni kumwona mama yangu.

Mwanao,
Chizuru


Sugamori, 12 Mei 2021

Chizuru,

Natumaini u mzima. Mimi afya ninayo, furaha sina.

Wameuondoa mwenge barabarani. Mkoa umesema ugonjwa umepanda, kwa hiyo wakimbiaji wote tutapelekwa kwenye bustani ya michezo ya mjini, milango ifungwe, kila mmoja azunguke kidogo na kumkabidhi mwenzake moto. Watazamaji hakuna. Nilimwambia kijana wa ofisi ya mkoa, basi niruhusu nipite barabarani peke yangu, bila moto, bila mtu. Akainama mpaka nikaona kisogo chake. Anasikitika sana, akasema. Kila mtu anasikitika sana! Sijawahi kuona nchi inayosikitika hivi na bado haisogei.

Nilivaa ile nguo nyeupe waliyonitumia, nikakaa nayo jikoni. Mwaka mzima nimengoja. Mama yako mwaka jana alikuwa bado ananiita kwa jina siku nyingine.

Wewe ulisema huitaki michezo hii. Haya, furahi. Na huo ugonjwa hautoki kwenye mashamba ya machenza, unatoka huko kwenu, kwa watu wanaokunywa pombe vichochoroni.

Baba


Tokyo, 16 Mei 2021

Baba,

Natumaini unaendelea vizuri.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti nilichokuwa nacho kimechukuliwa na mgonjwa wa oksijeni. Hao "watu wetu" wanaokunywa pombe ndio ninaowageuza kifudifudi ili wapumue. Wengine ni wazee wa umri wako.

Jana mkuu aliniita. Waandaaji wa michezo wanaomba wauguzi wa kukaa viwanjani, akasema na mimi jina langu limependekezwa. Nikakataa. Akasema anaelewa hisia zangu, na jina ameliacha palepale.

Sijafurahi, Baba. Kama unadhani nimefurahi, hunijui.

Chizuru


Sugamori, 20 Juni 2021

Mwanangu Chizuru,

Mvua za masika ya huku zimeanza na nyumba inanuka ukungu. Vipi mwili wako? Vipi moyo? Nimekaa kimya mwezi mzima kwa kuwa kila nikishika kalamu naona maneno yangu ya barua ile. Yalikuwa maneno ya mzee aliyenyimwa peremende. Nisamehe.

Nilikimbia bustanini. Walituwekea vizuizi vya plastiki kama wanafunzi wa udereva. Kushangilia ni marufuku, basi watu wa ofisi wakapiga makofi taratibu kama waombolezaji. Nikawasha, nikazunguka, nikampa mwenzangu, nikaambiwa asante. Kuwabara aliniuliza ilikuwaje, nikamwambia hutoka jasho zaidi nikivuna.

Ndipo nikapata akili. Sheria ya Bi. Muroi inasema ni marufuku kusimama chini ya madirisha. Kukimbia si kusimama! Nikamwomba mlezi mmoja, binti mwema sana, amsogeze mama yako dirishani saa kumi jioni. Nikavaa nguo nyeupe. Nikachukua mwenge, wameniachia, ingawa wameutoa gesi na sasa ni bomba tu. Nikapita.

Alikuwepo. Nywele zimechanwa, amevaa ile sweta ya kijani uliyomfumia. Dirisha lilikuwa wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Akanitazama vizuri kabisa. Halafu akainamisha kichwa kwa adabu, kama unavyomsalimu mtu wa posta.

Nilikuwa nimevaa barakoa, Chizuru. Barabara tupu, hata paka hakuna, na mimi nimefunika uso mpaka machoni. Nilifikiria majirani wanaochungulia nyuma ya mapazia. Nilimfikiria mke wa Kuwabara na mapazia yake, nikafikiria watasema mkimbiza mwenge mzima anahema hovyo mbele ya wazee. Hata miguu nilikanyagia vidole, nisiwasumbue waliolala. Basi angenijua kwa lipi?

Nilifika nyumbani nikaitupa barakoa kwenye ndoo ya taka, kisha nikaiokota, kwa sababu huku kila taka ina siku yake, na leo si siku ya taka za aina ile.

Baba yako mjinga,
Tokujiro


Tokyo, 27 Juni 2021

Baba,

Shikamoo, na nimekwisha kukusamehe, tusirudie.

Nimecheka kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka mwenzangu akaja kunishika bega, na alipofika nilikuwa nalia. Barakoa! Kwenye barabara tupu! Umengoja mwaka mzima uso wako uonekane, halafu unaufunika kwa sababu ya mke wa muuza tofu!

Sasa sikiliza, nasema kama muuguzi. Hewa ya nje, mtu mmoja, anapita tu kwa mbali. Umechanjwa, na Mama amechanjwa. Ivue. Na ukanyage kwa mguu wako wa kushoto kama zamani, waamke wote. Mke wa Kuwabara akichungulia, mpungie bomba lako.

Mimi nitapelekwa uwanjani kweli. Nitakaa kwenye hema, nikingoja wachezaji wazimie kwa joto, mbele ya viti vitupu. Wodini wenzangu watapungua mmoja. Nimefoka, nimeandika, na kila mwenye cheo ameniambia anaelewa hisia zangu.

Kimbia, Baba. Mmoja wetu na apate anachotaka.

Mwanao,
Chizuru


Sugamori, 26 Julai 2021

Mwanangu Chizuru,

Joto gani hili! Natumaini hemani kwenu kuna feni na unakunywa maji, si kuwapa wengine tu. Mimi ni mzima, hata goti limenyamaza.

Nilifanya ulivyosema. Nilivua barakoa, nikaiweka mfukoni, nikatoka konani nikikanyaga kwa kishindo. Nikasikia kabla sijaliona dirisha: "Mikono chini, Toku!" Sauti ileile, Chizuru! Ndege waliruka kwenye waya. Ameshika ukingo wa dirisha, nusu amesimama, mlezi anamvuta sketi. Nikashusha mikono. Nilipofika chini yake akanitazama usoni, akasema, "Umechelewa." Nikamwambia ndiyo, Fumie, nimechelewa, barabara ilifungwa. Akasema, "Haya, usisimame, nenda!" Nikaenda. Nililia mpaka darajani, nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili watu wasinione.

Kesho yake tena. Na siku iliyofuata. Siku moja aliniuliza Chizuru yuko wapi. Nikamwambia yuko Tokyo, anafanya kazi. Akasema wewe ndiye mwenye mbio nzuri, si mimi.

Halafu mtu akalalamika. Mzee asiye na barakoa anapiga kelele mbele ya nyumba ya wazee. Bi. Muroi alinipigia simu mwenyewe, akainama nadhani hata kwenye simu. Wakazi wanasisimka mno, akasema. Madirisha ya upande wa barabara yamefungwa, na vioo vyote vimebandikwa karatasi nyeupe kwa ndani. Mpaka hali itulie. "Tunaelewa hisia zako." Nilimwambia neno ambalo sitaliandika.

Ijumaa nilitazama ufunguzi wa michezo, fataki juu ya uwanja mtupu. Tangu hapo kila nikiwasha luninga naona mtu ameshinda, watu watano wanamrukia na kumkumbatia na kumlilia shingoni. Nawafurahia, ni vijana. Lakini nilizima. Ulikuwa na haki, mwanangu, tangu mwanzo.

Baba yako,
Toku


Tokyo, 3 Agosti 2021

Baba mpenzi,

Mimi mzima, nimeungua pua. Nimempigia Bi. Muroi mara kwa mara mpaka sasa simu inapokewa na mashine. Nilimwambia kwamba mama yangu si barua ya kufungiwa ndani ya bahasha. Karatasi zitabaki, akasema. Wodini kwetu wanalaza watu kwenye korido, na mimi huku nimempa mrusha mkuki barafu.

Alinitaja kweli? Niandikie tena maneno yake yote, usiruke hata moja. Na usiache kukimbia, ingawa sijui utakimbilia nini sasa.

Mwanao,
Chizuru


Sugamori, 12 Agosti 2021

Mwanangu Chizuru,

Salamu za joto na za nyenje wasiojua kunyamaza. Michezo imekwisha, natumaini wamekurudisha kwa wagonjwa wako na unakula. Mimi ni mzima. Machenza mwaka huu yatakuwa madogo lakini matamu.

Alisema hivi: "Chizuru yuko wapi? Yule ndiye mwenye mbio nzuri, wewe una kelele tu." Nilikuwa nimeficha ile ya kelele.

Sijaacha. Kila siku saa kumi napita. Barakoa nimevaa, sitaki wamhamishie chumba cha nyuma. Kuwabara sasa husimama mlangoni kwake na kunivulia kofia, na mkewe amefungua pazia lote, anatazama waziwazi, afadhali. Mwenge nimeuacha nyumbani. Dirisha la mama yako ni jeupe tupu kama la bafuni.

Mara ya kwanza nilikimbia nikitazama chini, nisilione. Nilipofika usawa wake nikasikia kitu. Nikadhani ni fundi. Kesho yake nikasikia tena, palepale. Yule binti mlezi akaniambia sokoni: jioni mama yako anakaa kwenye kiti akisinzia, ukimwita hajibu, halafu ghafla anainua kichwa, anasogea na kiti chake mpaka dirishani na kuanza kupiga kioo kwa ngumi. Walimwuliza ni nini, akawafokea kwani nyie hamsikii huo mguu.

Kioo ni kinene, sauti yake haitoki. Nasikia ngumi tu. Hanioni, simwoni. Ninapopita pale nashusha mikono mpaka inakaribia kugusa mapaja, kwa kadiri mwili wa mzee unavyoweza.

Bado anagonga. Nadhani mikono bado iko juu.

Baba yako,
Toku