Udi wa Abdulghani na kifua cha Sabah

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kwa sababu nimefika mahali siwezi kuamua peke yangu na anayeumia ni mtoto.

Mimi nina miaka ishirini na minne, naishi hapa Likoni, mume wangu Abdulghani ana miezi kumi na moja Kuwait anaendesha gari la watu, aliniachia binti yetu Sabah anatambaa na sasa ana mwaka na miezi minane anakimbia. Nyuma ya nyumba kuna kiwanja trekta lilikifyeka likakiacha mchanga mtupu, basi Jumatatu ya wiki iliyopita kaskazi ilivuma ikauinua mchanga wote, mimi niko uani nafua, madirisha wazi, nilipokimbilia ndani vumbi lilikuwa limelala kitandani, kwenye sufuria, mpaka kwenye kope za mtoto. Nikafagia siku nzima, kisha nikafunga madirisha nikafukiza udi, maana kwetu nyumba ikichafuka hufukizwa, na nimefukiza kila jioni tangu siku hiyo. Leo ni siku ya tisa Sabah anakohoa, akilala kifua kinalia kama paka.

Jana jirani yangu Pascalia, mtu wa bara, aliingia akarudi nyuma anapepea mkono. "Mama Sabah, huyu mtoto unamlea ama unambanika?"

Nikamwambia, "Udi si moshi wa kuni, mwenzangu."

"Mimi usiniambie. Mwambie huyo anayekohoa."

Mshauri, nitakwambia nisilomwambia yeye. Udi ule Abdulghani aliuchanganya kwa mikono yake, kopo zima, akasema nifukize kila Ijumaa nyumba isimsahau, na wallahi moshi ukipanda nikafumba macho namuona ametoka kuoga, yuko mlangoni anafunga kikoi. Kwa hiyo madirisha sifungi kwa ajili ya vumbi peke yake, nafunga harufu isitoke. Na Ijumaa akipiga simu, swali la kwanza ni, "Umefukiza?" Nikiacha nitamwambia nini, na mimi nitabaki na nini?

Mwanamkasi, Likoni

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mwanamkasi. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakuonea huruma, kisha nikakukasirikia. Kumtamani mumeo si kosa, miezi kumi na moja ni mingi. Lakini kifua cha mtoto ni kidogo, nawe umekiweka kati ya vumbi na moshi halafu ukafunga madirisha! Udi hauondoi vumbi, mwanangu. Unaongeza moshi juu yake, hata unukie vipi.

Ukimaliza kusoma hapa, mbebe Sabah umpeleke zahanati. Ukiona mbavu zinabonyea anapovuta pumzi, au midomo inageuka rangi, usikae foleni, ingia moja kwa moja wamuone.

Mkirudi, mwache kwa Pascalia, anayekupenda kuliko unavyodhani, ndipo ushike nyumba. Upepo ukiwa umetulia, fungua madirisha yote. Fagio weka kando, kufagia pakavu kunalirusha vumbi juu mtoto alivute upya. Futa kwa kitambaa cha maji, anza juu ushuke, halafu upige deki. Godoro na mito vitoe juani uvikung'ute huko huko, pazia na shuka fua zote, na jiko la mkaa likae nje. Siku upepo ukianza tena, wahi kufunga, na chini ya mlango tandika leso iliyoloweshwa. Ukishapita, fungua.

Kopo la udi usilitupe. Ukizidiwa na hamu, lifunue ulinuse hivyo hivyo bila kaa la moto, ufumbe macho yako, hakuna atakayekohoa.

Na Ijumaa usiingoje. Mpigie leo, mkiwa hapo hapo zahanati, umwambie, "Nilifukiza, na Sabah anaumwa." Kisha mwekee mtoto simu kifuani. Baba akisikia mwanawe anavyopumua, hatauliza habari ya udi. Atauliza daktari amesemaje, na wewe uwe na la kumjibu.