Kwa Baba, Aliyesema Mwanamke Haongozi Kimai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na shangazi amepunguza chumvi kwenye chakula chako kama alivyoniahidi.

Nakuandikia hadharani kwa sababu hadharani ndiko ulikonisema. Simu zangu hupokei. Lakini Ijumaa ile, watu walipotoka kuswali, ulikaa barazani hapo kisiwani kwenu Faza ukawaambia wanaume wenzako kwamba huna binti Nairobi anayeimba, na kwamba huyo anayeongoza kikundi chako cha Kaloleni amekuibia. Maneno hayo yalinifikia sokoni Muthurwa hata viatu vyangu vya mitumba sijamaliza kuvipanga mezani. Aliyeyaleta ni Mzee Shee, rafiki yako. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Baba yako anataka uache," akasema. "Ukishaacha, mtazungumza."

Nilimwambia jibu nitalipeleka mwenyewe. Ndilo hili, baba. Siachi.

Usimkatize anayekusomea. Nisikilize, kama mimi nilivyokusikiliza utoto wangu mzima.

Ulikuwa ukirudi kutoka karakana ya reli na grisi hadi viwikoni. Unainama kwenye bomba la nje, unajisugua kwa sabuni ya unga, na kabla mkono mmoja haujatakata umeshaanza kuimba. Kimai, ulikiita. Nyimbo ulizoimba ujanani ukiwa baharia, kabla hujapanda treni kuja bara: za kupandisha tanga, za kung'oa nanga, za kufua maji chombo kinapovuja. Mimi nilikaa kizingitini namenya viazi. Ulitoa mstari, ukaninyooshea kidole chenye povu, nami nikaitikia. Nikichelewa, ulianza upya.

"Sauti itoke tumboni," ulisema. "Ukiitoa puani, kamba haiendi popote."

Sikuwa na kaka. Mabaharia wako wote walikuwa mimi. Majirani walipita na ndoo zao wakicheka, na wewe ukawaambia, "Huyu nikiwa naye, chombo hakizami." Ulilisema hilo kwa kinywa chako. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane, nikaliamini, na mpaka leo sijapata sababu ya kuliacha.

Kisha ikaja ile mvua iliyoangusha mti juu ya nyumba ya Wafula, yule Mbukusu wa kiwanda cha sabuni. Mlango ulizibwa na matawi. Mke wake alikuwa ndani, tukimsikia akiita. Wanaume wakafunga kamba kwenye shina na kuvuta, kila mtu kwa wakati wake. Huyu anavuta, yule anapumua. Mti ulitikisika tu, na kila ulipotikisika vigae vilizidi kuporomoka. Wewe ukavua viatu, ukashika ncha ya kamba.

"Ngojeni," ukasema. "Asivute mtu mpaka niimbe."

"Mzee, huu si wakati wa taarabu!" mtu mmoja akafoka.

Uliimba mstari ambao sijawahi kuusikia kabla ya siku hiyo, nadhani uliutunga papo hapo:

"Kamba ni ya nani?"

Hakuna aliyejua la kuitikia. Ukanigeukia, ukaninong'oneza, nami nikaitoa kutoka tumboni kama ulivyonifundisha: "Ni ya mwenye kuivuta!"

Mtu wa kwanza kukuitikia mbele za watu hapa Nairobi, baba, alikuwa msichana aliyevaa sweta ya shule. Mara ya pili wakaitikia wachache. Mara ya tatu, mtaa mzima. Mama alikuwa mbele yangu kwenye kamba, leso kiunoni, miguu imezama kwenye tope, na hukumwambia aondoke. Mti ukasogea. Ukasogea tena. Mke wa Wafula akatoka akiwa amejaa vumbi, akakaa chini, akalia.

Hapo ndipo kikundi kilipozaliwa. Wafula alikuja jioni ya pili akitaka afundishwe "ile dawa ya mti." Akaja Otieno fundi viatu, akaja Mutua wa duka la kona, na Mzee Shee ambaye ndiye peke yake, mbali na wewe, aliyewahi kukanyaga sitaha ya chombo. Mkajiita Wavuta Kamba, na kila mlikoalikwa watu wakauliza kama ninyi ni Wakamba. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mkamba hapa ni mimi na Mutua," akasema, "na mimi hawajaniandika."

Unakumbuka Wafula na lile neno "mai"? Kwenu Faza maji ni mai, na nyimbo zako zimejaa mai. Kwao mayi ni mama. Aliimba mwaka mzima akidhani mabaharia wanamlilia mama yao. Ulipomweleza kwamba ni maji tu, alifikiri kidogo, akasema, "Mimi nitaendelea na mama." Wewe ukampiga bega. "Endelea naye," ukasema. "Wimbo unakutosha." Kwa Wafula ulikuwa mpana hivyo.

Sasa tufike pale panapouma.

Daktari alipokutoa uvimbe kooni, tulishukuru Mungu kwamba umebaki. Sauti alituambia huenda ikarudi, huenda isirudi. Haikurudi. Miezi michache baadaye Wafula akafariki, na tukakutana katika ukumbi wa Kaloleni kumuaga kabla ya safari ya kumzika Bungoma. Alikuwa ameomba aagwe kwa kimai. Ulisimama mbele ya jeneza na kamba mkononi, Otieno na Mutua na Shee nyuma yako. Ukafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Ukajaribu tena. Mjane wa Wafula alikuwa anakutazama. Watu wakaanza kutazama sakafu. Otieno anajua kuitikia, kuongoza hajui. Shee aliinamisha kichwa.

Mimi nilikuwa nyuma na wanawake. Sikukaa kupanga. Nilisimama, nikauliza kamba ni ya nani.

Waliitikia, baba. Otieno aliitikia huku machozi yanamtoka. Mjane alishika ncha ya kamba akavuta pamoja nao, na ukumbi wote ukamvutia Wafula mpaka mwisho. Katikati ya wimbo nikakuona ukiiweka kamba chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto, ukatoka kwa mlango wa pembeni.

Nyumbani ulinisubiri umesimama.

"Umenivua nguo mbele za watu," ulisema kwa kinong'ono, maana ndicho pekee ulichobaki nacho.

"Nimekufunika, baba."

"Mwanamke haongozi kimai. Mwanamke hajapanda chombo."

"Wafula alipanda chombo gani? Otieno je? Mutua ameiona bahari kwenye kalenda."

Kesho yake ulifunga begi, ukaenda kwa dada yako huko Faza, na hukuniaga.

Najua si hasira tupu. Nilikuwa nikikusikia chooni, umefungulia maji, unajaribu kuita ile sauti. Niliililia kama nilivyomlilia mama alipofariki. Ningekuwa na uwezo wa kukupa koo langu ukalitumia hata siku za Jumamosi tu, ningekupa. Lakini huzuni yako haiwezi kuwa sheria juu yangu. Ulichokipoteza sikukichukua mimi. Mimi nilikuwa nacho changu, na wewe ndiye uliyenipa pale bombani, mwenyewe, kwa hiari yako, mstari kwa mstari.

Baada yako Shee naye alijitoa. Alisema hawezi kumwitikia mwanamke. Otieno alikuna kidevu, akasema, "Mimi naitikia wimbo. Nani ameutoa, hilo ni lake." Mutua akabaki pia. Kisha akaja Achieng, jirani yangu wa Muthurwa anayeuza vitunguu, mwanamke anayeweza kumzuia mteja aliyeko ng'ambo ya barabara kwa sauti yake tu. Akaleta wenzake. Jumamosi sokoni wakishafunga wanakuja ukumbini na uchovu wao na mikono inayonuka vitunguu, tunaimba wimbo wa kufua maji mpaka wananyooka. Siku ya kwanza Achieng aliniuliza mabaharia walikuwa wanafua maji kwa nini. Nikamwambia chombo kinavuja na pwani iko mbali, kwa hiyo unachota, unamwaga, unachota, unamwaga. "Aa," akasema, "kumbe ni maisha yangu." Hakuuliza tena. Uliwahi kupata mwitikiaji aliyeelewa upesi namna hiyo?

Mwaka huu kijana mmoja wa kuandaa tamasha alikuja kutusikiliza. Alipenda.

"Madam, hii itabamba," akasema. "Lakini mbele tuweke hawa wazee wawili na kanzu na makasia. Nyinyi kina mama mkae nyuma mpige vigelegele. Watu wanataka kuona mabaharia, unanisoma?"

"Na nani ataongoza?"

"Si ni wewe? Tutakuwekea maiki huko nyuma. Sauti itasikika poa."

"Kwa hiyo sauti yangu ije mbele, mimi nibaki nyuma."

"Eeh, hivyo!" Alifurahi, alidhani tumeelewana.

Otieno ndiye aliyeanza kuvaa koti. Mutua akafuata. Achieng alipofika mlangoni akageuka, akamwambia, "Kijana, yaite hayo makasia yakuimbie." Wakatutoa kwenye tamasha, na Jumamosi hiyohiyo tukaimba Kaloleni, watu wakajaa mpaka madirishani. Nitakwambia na jingine ambalo mjumbe wako hakukwambia. Mzee Shee alikuwepo, ameegemea nguzo karibu na mlango, na midomo yake ilikuwa inaitikia. Alipoona nimemwona akajifanya anakohoa.

Kwa hiyo usinitumie tena watu wanaokuja kunikataza mchana na wameshanisikiliza.

Kuna neno la mwisho, na hili linanikera kuliko yote. Juzi shangazi Mwanakombo alinipigia. Aliniuliza kama uliwahi kuniambia kimai ulijifunzia wapi. Nikamjibu nilivyojua siku zote: chomboni, kwa manahodha. Alicheka mpaka nikaogopa.

"Manahodha!" akasema. "Alijifunzia miguuni pa mama yetu. Mama alikuwa akisuka ukili wa mikeka asubuhi mpaka jioni, na kimai kinywani. Kaka alipopanda chombo, nyimbo alikuwa nazo tayari. Mabaharia ndio waliojifunza kwake."

Miaka yote hiyo bombani, baba, ulinitajia nahodha huyu na nahodha yule, tabia zao, vilemba vyao, jinsi walivyotukana. Bibi hukumtaja hata siku moja. Kwa nini? Uliona haya? Uliogopa wenzako watakucheka kwamba ubaharia wako ulianzia kwenye mkeka? Nimekaa na swali hili nikisafisha viatu vya kuuza, na kadiri ninavyokaa nalo ndivyo hasira inavyoshuka na mapenzi yanavyopanda, hata sielewi. Nakuona mtoto mdogo, umekaa karibu na miguu yake, unamwitikia.

Lakini usidhani ndiyo hoja yangu. Hata kama bibi angekuwa bubu, mimi ningeimba. Sihitaji mwanamke wa zamani aniombee ruhusa. Mstari ulioutunga siku ya mti unasema mwenye kuivuta. Hausemi mwanamume. Ungetaka kusema hivyo ungesema, maneno hayakukupungukia siku ile.

Basi pokea habari hii kutoka kwangu kabla hujaisikia barazani. Shangazi ametualika Wavuta Kamba tuimbe kwenye harusi ya mjukuu wake. Tunakuja wote. Otieno ameshaweka furushi la viraka vya viatu kwenye begi lake. Mutua anataka kuona kama bahari inafanana na ile ya kalenda. Achieng anasema ataionja kwanza ndipo aamini habari za chumvi. Nitaingia chumbani kwako, nitakuamkia, nitakubusu mkono, na kama utauvuta nitaufuata mpaka niubusu. Mimi bado ni mwanao na hilo si jambo la kujadiliwa barazani.

Kisha alasiri tutashuka uani kuimba, nami nitasimama mbele. Dirisha lako liko juu ya ua huo. Ukitaka kuitikia kwa kinong'ono chako, kinatosha, nitakisikia katikati ya watu mia. Na ukitaka kulifunga, lifunge.

Nitaongeza sauti.

Mungu akulinde mpaka tuonane,

Mwanao wa pekee,
Mwanaidi