Njomba Hajasema Neno, na Dirisha Linafungwa Jumamosi

Barua iliyosomwa katika kipindi cha redio cha Alhamisi alasiri, Masasi

Bi Severina, shikamoo. Mimi ni mama wa huku Newala, nakusikiliza kila Alhamisi nikiwa na kazi mkononi, na leo naomba uyaache kidogo mambo ya ndoa unisaidie mimi, maana nimechoka, nimechoka mpaka nikikaa chini kuinuka ni shughuli, na lililonichosha zaidi wala si jembe.

Nina binti anaitwa Naima, ndiye mtoto wangu wa kwanza, amemaliza kidato cha sita mwaka huu na Mungu amemjalia amefaulu, na hata kabla matokeo hayajatoka alikuwa ameshakwenda kambi ya jeshi, JKT, kama wanavyokwenda wenzake wakimaliza shule, kwa hiyo mambo yake ya chuo ameniachia mimi na simu yangu. Maombi ya vyuo aliyatuma Anwari, mwenye steshenari hapa njia panda, kwa maelezo aliyoyaacha Naima mwenyewe, na laini iliyoandikishwa ni yangu, kwa sababu kambini hawakai na simu, mpaka Jumapili ndiyo wanapata nafasi ya kuazima na kuwapigia wazazi. Siku namsindikiza stendi alinishika mkono akasema, "Mama, vikija vyote viwili, chukua kile cha maabara, usizunguke," nami nikacheka nikamwambia kwanza ufaulu, vingine vitafuata.

Basi vimefuata. Vyuo vyote viwili vimemchagua. Kimoja kipo huku huku kusini, ni ualimu, mtu akiondoka asubuhi mchana amefika. Kingine kipo Nyanda za Juu kwenye baridi, mimi sijawahi kufika wala simjui aliyefika, na huko ndiko kwenye hayo mambo ya maabara ya hospitali. Kwenye simu yangu umeingia ujumbe wenye namba ya siri, unasema aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja athibitishe kimoja kwa hiyo namba, mwisho Jumamosi hii. Anwari ananiambia, "Mama Naima, niletee tu hiyo simu, jambo dogo hilo, hata chai yako haitapoa."

Kumbe kwangu si dogo. Nilimweleza mume wangu, ambaye amekaa na mguu wake uliovunjika tangu mwaka jana, akaniangalia akasema, "Mimi hapa nimeoa tu, watoto ni wa kwenu. Muulize njomba wake." Nikampigia kaka yangu Ashiru, yupo Lupaso, na ndiye mkubwa wetu, ndiye mwenye neno kwa watoto wangu wote. Akasema, "Dada, mambo ya mtoto hayasemwi kwenye simu. Ngoja nimalize kufyeka chini ya mikorosho, nitakuja tukae." Nikamwambia kaka, mwisho ni Jumamosi. Akasema, "Jumamosi ya nani? Kawia ufike, dada." Akakata, na tangu hapo hapatikani, maana kule shambani kwake mtandao mpaka upande juu ya kichuguu.

Wewe ni mtu wa huku, unajua njomba asiposema neno jambo linakuwa halijaanza. Naima hata kuingia unyagoni ni njomba wake aliyeruhusu. Mdogo wangu aliolewa bila kumsubiri Ashiru, ndoa ikavunjika, na mpaka leo kwenye kila kikao anaambiwa, "Si ulijifanya unajua?" Mimi sina nguvu za kuambiwa hivyo. Mtoto akienda kule kwenye baridi akaugua, au akarudi na mimba, au akashindwa masomo, watanitazama mimi.

Halafu kuna la pili, na hili sijamwambia mtu. Jumapili iliyopita Naima alipiga, nyuma yake nikasikia wenzake wanaimba. "Mama shikamoo. Majibu vipi, yametoka?" Bi Severina, yalikuwa yametoka tangu Alhamisi. Nikamwambia, "Bado, mwanangu." Akasema, "Basi yatatoka tu, Mama. Pumzika." Mtoto nimemdanganya na yeye ananiambia nipumzike! Tangu siku hiyo chakula nakitazama tu.

Sisemi simtaki aende. Lakini mwaka huu dawa ya mikorosho nimepuliza peke yangu, bomba mgongoni, na mgongo wenyewe mpaka sasa haujanyooka, mume hawezi, wadogo zake Naima bado wa kutumwa chumvi, na yeye ndiye aliyekuwa ananipokea mzigo kabla sijaomba. Kile chuo cha karibu angekuwa anakuja hata mwisho wa mwezi. Ualimu nao ni kazi. Nikikichagua hicho hakuna atakayenilaumu, hata njomba wake hatalaumu. Ila nakumbuka baba yake alipolazwa hospitali ya Mkomaindo, Naima ndiye aliyekuwa anatumwa kupeleka vipimo, akarudi siku moja ananiambia amemwona dada mmoja wa maabara amekaa anatazama kwenye darubini, watu wote koridoni wanamsubiri yeye aseme. "Mama, mimi nataka kile kiti." Alikuwa kidato cha tano wakati huo, na mpaka anakwenda kambini hajabadilisha.

Naomba uniambie: nimsubiri njomba, au nichague cha karibu yaishe? Jina langu litaje tu, aibu nayo inataka nguvu, na mimi zimeniishia. Tena kaka Ashiru naye anakusikiliza, redio yake huitundika kwenye tawi la mkorosho akifanya kazi. Labda akikusikia wewe atasema neno.

Ni mimi Mama Naima, Newala.

*

Marahaba, Mama Naima. Barua yako dereva wa Hiace ameifikisha hapa jana, imekunjwa mpaka imekuwa kama hirizi. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nimekuonea huruma, mara ya pili nimekukasirikia, na sasa nitakujibu nikiwa na vyote viwili, univumilie, maana na mimi nimechoka. Kila mwaka majira haya nasubiri barua kama yako, na kila mwaka huwa zinanifikia korosho zinauzwa, mlango umeshafungwa, mama analia, na mimi sina la kumpa isipokuwa pole. Yako wewe imewahi, kwa hiyo pole sikupi.

Nianze na mjomba. Mimi ni Mmakua wa Lisekese, usidhani nitakwambia njomba ni mambo ya kizamani. Wajomba ndio walionilea. Lakini nilipoitwa chuo cha ualimu, mjomba wangu hakuitisha kikao. Alikuja na sanduku la bati kichwani, akanisindikiza mpaka kwenye basi, akanipa neno lake pale pale stendi, injini inaunguruma. Nalikumbuka mpaka leo. Neno la mjomba kazi yake ni kumsindikiza mtoto, na anayesindikizwa lazima awe na pa kwenda. Ukimsubiri Ashiru amalize kufyeka, atakuja na neno zuri kabisa, na Naima hatakuwa na chuo cha kulipeleka.

Wewe Ashiru, kama redio iko kwenye tawi, acha panga kidogo. Shikamoo kaka, au marahaba, sijui umri wako. Umeuliza Jumamosi ya nani. Ni ya mpwa wako. Hawa watu wa vyuo hawajui kama kuna mikorosho Lupaso, na wana vijana wengi wanaoitaka hiyo nafasi. Na hiyo "kawia ufike" unayomwambia dada yako, tunamwambia mtu aliyekwisha kuanza safari asije akakimbia akaanguka. Huyu mtoto hajaruhusiwa hata kufunga mzigo! Kwa hiyo sikuombi ruhusa, nakupa taarifa, na kazi yako nakupangia: tafuta sanduku.

Na Baba Naima, mguu uliovunjika haukuvunja mdomo. Umelea, umelisha, unasema umeoa tu. Siku huyo binti anavaa koti jeupe utakuwa wa kwanza kusema "mwanangu".

Sasa turudi kwako, mama, na hapa kaa vizuri. Barua nzima umeniambia habari za njomba na habari za mume. Lakini Jumapili ile ulipoulizwa majibu, ukasema "bado", Ashiru alikuwa Lupaso na mumeo hakuwa ameshika simu. Aliyesema ni wewe. Ulisema kwa sababu unaogopa kubaki peke yako na lile bomba la dawa mgongoni, na nyumba isiyo na mtu wa kukupokea mzigo. Mama Naima, hilo si kosa. Kuchoka si dhambi, na kumtaka mwanao karibu si dhambi. Ungeniandikia hilo tu, mstari mmoja, ningelia na wewe. Dhambi ni kuchukua uchovu wako ukauvisha kanzu ya mjomba, halafu ukamwambia mtoto kwamba majibu bado.

Unaniuliza uchague kipi, kana kwamba hujui. Kwenye barua yako mwenyewe, juu kabisa, kabla hujaanza kumlalamikia mume na njomba, umeniandikia alichokwambia stendi. Chukua kile cha maabara, usizunguke. Umezunguka, mama! Umezungukia kwa mume, ukazungukia Lupaso, ukaona haitoshi ukazungukia kwangu, unitie kwenye ukoo niwe mjomba mwingine wa kusubiriwa. Mimi nakataa, si kazi yangu. Neno lilishasemwa, na aliyelisema ndiye atakayekaa kwenye kile kiti.

Ualimu siudharau, nimeufanya mpaka chaki ikaniingia kifuani. Lakini mwalimu aliyepelekwa darasani ili mama yake asilaumiwe, watoto wa watu wanamjua siku ya kwanza. Usituletee.

Kuhusu kazi za nyumbani, tuseme ukweli, Naima hata akisoma hapo karibu, bomba la dawa hatalibeba, atakuwa darasani. Hilo ndilo la kumpelekea kaka yako. Mwambie, "Kaka, neno la chuo limeshapita, sasa nataka neno la shamba: msimu ujao nani ananipulizia mikorosho?" Mjomba mwenye mamlaka kwa watoto ana wajibu kwa mama yao pia, na hapo mfuate mpaka juu ya kichuguu. Na wale wadogo wa kutumwa chumvi, anza kuwatuma na maji.

Wengine mnaosikiliza na mna watoto waliomaliza, msijifanye barua hii si yenu. Wapo mnaosema mtashughulika korosho zikishauzwa. Madirisha ya vyuo hufungwa gunia la kwanza halijafika ghalani, na la mikopo nalo halimngoji mtu. Wapo ambao alama hazikutosha digrii, mmewafungia watoto ndani kama wamefiwa. Diploma ina mlango wake, ina tarehe zake, na waliopitia huko wengi wamefika digrii kwa miguu yao. Aliyekosa awamu ya kwanza aulize ya pili. Tarehe hubadilika kila mwaka, basi kaulizeni shuleni alikosoma mtoto, msiulizane kisimani. Na laini ya simu mliyoiandikisha msiitupe, msiiazime, wala msiiache kwa mtu aliyesafiri. Ngoja ngoja huumiza matumbo, nasi huku kusini tumeshaumwa vya kutosha.

Mama Naima, Jumapili atapiga. Ukishaitikia shikamoo yake, usianze kumpa habari za mbuzi na majirani. Mwambie, "Mwanangu, nilikudanganya, majibu yalikuwa yametoka, niliogopa." Halafu mwambie umechukua kipi. Na akikwambia pumzika, safari hii pumzika kweli.

Lakini hiyo ni Jumapili. Leo ni Alhamisi, jua bado lipo, na steshenari ya Anwari haijafungwa. Usiseme kesho, kesho umeme utakatika, au mtandao utagoma, au kaka yako atakuja na nusu ya neno. Jifunge khanga, chukua simu yenye ile namba. Mume akiuliza unakwenda wapi, mwambie unakwenda kuchukua kiti cha Naima. Redio iache inaongea, sina jipya la kukuongezea.

Cecil, fundi mitambo wangu, niwekee wimbo hapo. Chagua mrefu, baba, mrefu kuliko wote ulio nao. Kuna mama anatembea kwenda njia panda, na mgongo unamuuma.